Waliotulisha Usiku

Wengi wetu siku hizi tunalala mapema, au tunakaa na simu zetu mpaka usingizi utuchukue, kwa hiyo sijui wamebaki wangapi wanaoijua njaa ya saa saba za usiku. Hiyo si njaa ya mchana. Inakuja na baridi na usingizi, na kidogo inakuja na woga pia. Mimi niliijua kwa miaka mingi, na nataka nikusimulie habari za watu waliokuwa wakiituliza. Mimina chai, maana nitazunguka kidogo kabla sijafika.

Nilianza kazi mwaka 1979 katika kiwanda cha kuchapa magazeti kwenye Barabara ya Pugu, ile ambayo leo inaitwa Barabara ya Nyerere. Gazeti hutengenezwa usiku. Habari ya mwisho inasubiriwa, kurasa zinapangwa, na mtambo unaanza kunguruma wakati watu wa mji wamekwisha kugeukia ubavu wa pili. Sisi wapanga chapa tulitoka saa sita, mara nyingi saa saba, vidole vyeusi kwa wino na matumbo matupu. Gari la kusambaza magazeti lilitubeba mpaka Faya, likatushusha, na kutoka hapo kila mtu na miguu yake. Mimi nilikaa Magomeni kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, kwa hiyo njia yangu ilikuwa kuteremka Bonde la Jangwani, kuvuka Mto Msimbazi, kisha kupandisha mpaka Mapipa.

Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa na giza, bwana. Vita vya Kagera ndiyo kwanza vimekwisha, nchi imekamuliwa, taa za barabarani nyingi zimekufa na hakuna wa kuzifufua. Mtu hakutembea kwa kuijua njia tu, alitembea kwa kufuata vibatari vya wauzaji.

Taa ya kwanza ilikuwa ya mzee wa kahawa, pale pale Faya. Yeye hakumwita mteja kwa mdomo. Aligonganisha vikombe vyake vidogo kiganjani, kacha-kacha, kacha-kacha, na kwa mlio huo ulimjua alipo hata kabla hujaiona nyekundu ya makaa chini ya birika lake la shaba. Kahawa chungu, kashata ya karanga au ya nazi, na maneno. Pale ndipo Yanga na Simba zilipocheza upya mechi zote zilizokwisha kuchezwa Uwanja wa Taifa, na mara nyingi matokeo yalibadilika. Hatua chache mbele alisimama mzee wa pweza na meza yake ndogo: sinia la vipande vilivyochomwa vijiti, sufuria la supu, ndimu zilizokatwa, kopo la pilipili. Wanaume waliokwenda kwake walikunywa ile supu kimya kimya, wakaaga haraka kuelekea nyumbani, na hakuna aliyethubutu kuwauliza haraka ya nini.

Baada ya hapo ni bonde. Vyura, harufu ya tope na ya majani yaliyooza, na sauti ya viatu vyako mwenyewe. Nilikuwa nikikazana, macho mbele, mpaka ng'ambo ya pili nizione taa za Magomeni zimejipanga kando ya barabara. Hapo pumzi ilirudi. Kwanza ilinifikia harufu ya mafuta ya nazi, halafu moshi wa mishkaki, halafu sauti ya mihogo inapotumbukizwa kwenye karai, chwaaa, na juu ya yote sauti ya shangazi yangu akimkemea mtu.

Shangazi aliuza mihogo ya kukaanga. Alianza baada ya sala ya isha na alifunga kabla ya adhana ya alfajiri. Alikuwa na karai moja kubwa, jiko la mkaa, benchi la mbao na kibao cha mbuzi alichokalia yeye mwenyewe hata kama siku hiyo hakuna nazi ya kukuna. Muhogo wake ulikuwa mkavu kwa nje na wa unga kwa ndani, na aliupasua katikati ukiwa wa moto ili chumvi na pilipili ziingie. Kachumbari ilikuwa ya embe bichi. Katika miaka ya foleni, wakati unga wa ngano, sukari na mafuta vilikuwa habari za kusikia, wauza maandazi walipotea barabarani, lakini muhogo haukutuacha. Uliendelea kuja kutoka Kisarawe na Mkuranga, na aliyekosa mafuta ya dukani alikamua nazi. Nasema bila kuogopa kwamba mji huu ulivuka ile miaka kwa muhogo.

Nao walaji walikuwa mji mzima. Wauguzi waliotoka zamu Muhimbili, vijana wa kiwanda cha nguo cha Urafiki, kile kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, makuli wa bandarini, madereva, walinzi wa maduka waliotoroka lindo kwa dakika tano. Jumamosi waliongezeka waliotoka dansini, viatu mkononi, jasho halijakauka, bado wakibishana kati ya bendi za Msondo na Sikinde nani kapiga zaidi. Shangazi alifungia muhogo kwenye gazeti. Kazi yangu ya juzi ilikuwa inanirudia mkononi imelowa mafuta, na mara nyingi nilimwona mtu amemaliza kula, kageuzia karatasi kwenye mwanga wa kibatari, anasoma. Sikuona vibaya hata kidogo. Wengine gazeti walilipata hapo tu.

Sasa nije kwenye leseni.

Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi. Shabaha yake ilikuwa kila mwenye uwezo afanye kazi, na mijini ikawa msako: asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa, akahesabiwa mzururaji, akapelekwa vijijini kulima. Wafanyabiashara wadogo nao walitakiwa kuwa na leseni, ile ambayo watu waliiita leseni ya nguvu kazi. Nyumbani kwetu hofu iliingia. Mimi nilikuwa na kadi ya kiwanda, sikuwa na wasiwasi. Shangazi ndiye aliyekuwa mashakani, na mashaka yake yalikuwa na pande mbili: mchana angekutwa amelala, aonekane mvivu; usiku angekutwa barabarani, aonekane mzururaji.

Akaenda kupanga foleni, nami nikamsindikiza. Karani alikuwa kijana mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Biashara gani?"

"Mihogo ya kukaanga."

"Saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Isha mpaka kabla ya alfajiri."

Yule kijana akaweka kalamu chini. "Mama yangu, usiku watu wamelala. Unamuuzia nani?"

"Na hao askari wenu wanaokuja kutukamata usiku, mwanangu, unadhani wanakula wapi?"

Karani alicheka mpaka akafuta macho, akaandika, akagonga muhuri. Lakini mimi, kwa mazoea ya kusoma kila kilichoandikwa, niliitazama ile karatasi. Ilikuwa na mahali pa jina, mahali pa mtaa, mahali pa aina ya biashara. Mahali pa kuandika saa hapakuwapo. Miaka yote niliyoishi tangu siku ile nimeona karatasi nyingi zaidi za kuwatambua hawa watu, na karibu zote zina upungufu ule ule.

Shangazi aliifunga leseni yake ndani ya mfuko wa nailoni, akaifundika kwenye pindo la kanga. Kila mwaka aliilipia. Na kila mwaka alikuja askari wa mgambo, hakuwa mmoja siku zote, akaimulika kwa tochi na kusema leseni hii ni ya mchana, au ni ya mtaa mwingine, au karai halimo. Ikaisha kwa sahani ya muhogo, au kwa karai kubebwa. Karai likibebwa, kesho yake alikwenda kulikomboa, akirudi analisugua kwa majivu kama vile limeshikwa na mikono michafu.

Usidhani nasema wenye mamlaka hawakuwa na hoja. Walikuwa nayo, na ni hoja ya kweli. Baa zikifungwa, walevi walimiminika kwenye mishkaki, na mlevi mwenye kijiti cha chuma mkononi ni wa kuogopwa. Ngumi zilipigwa. Maji machafu yalimwagwa kwenye mitaro. Kuna waliokaanga kwa mafuta yaliyokwisha kuwa meusi ya kutisha. Katika nyumba iliyokuwa nyuma ya benchi la shangazi alilala mzee mgonjwa wa kifua, na moshi wa mkaa uliingia dirishani kwake usiku kucha, mpaka mwanawe alipokuja kutuomba tusogee, tukasogea. Na kipindupindu si hadithi: kimepita katika mji huu mara nyingi, na kile kilichoanzia Kinondoni Agosti 2015 kiliwafanya wauza vyakula wa barabarani wafungiwe kazi. Anayesema waachwe tu wafanye watakavyo hajawahi kuuguza mtu wa kipindupindu.

Ila nataka uielewe na sura ya pili, ambayo aliyelala hakuiona. Kwenye benchi la shangazi palikuwa na amri. Matusi, hapana. Bangi, hapana. Mwanamke anayesubiri gari anakaa upande wa ndani, karibu na jiko, na hakuna anayemsogelea. Vibaka nao walikula pale, siwezi kuficha, wengine walizaliwa mtaa ule ule, na shangazi aliwajua kwa majina ya mama zao. Usiku mmoja muuguzi alinyang'anywa mkoba hatua chache tu kutoka kwenye mwanga. Alikuja analia, mkoba una ufunguo wa nyumba na mshahara. Shangazi hakupiga kelele. Alimwita kijana mmoja aliyekuwa akila, akamwambia, "Nenda kamwambie yule, kama mkoba haujafika hapa kabla sijazima jiko, asubuhi nitakwenda mwenyewe kwa mama yake." Mkoba ulifika. Hela zilipungua kidogo, ufunguo ulikuwemo.

Mwaka 1990 Mrema alipopewa Wizara ya Mambo ya Ndani na kuwahimiza wananchi waunde sungusungu, mtaa wetu nao ukapanga zamu, wazee kwa vijana, marungu na filimbi. Unajua walikuwa wanakutania wapi? Kwa shangazi. Kwa sababu ndipo palipokuwa na taa, na kahawa ya jirani yake, na mtu aliyeiona barabara tangu isha na anaweza kusema nani kapita na nani si wa hapa. Wale wanaotajwa kwamba wanaharibu usalama ndio waliokuwa kituo cha usalama.

Halafu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ikaja operesheni. Usiku mmoja gari mbili zilipita kando ya barabara, zikazoa mabenchi, majiko, masinia, kila kitu. Watu walikimbia na makarai ya moto. Mama mmoja wa vitumbua aliungua mkono na lile kovu amekufa nalo. Wiki iliyofuata barabara ilikuwa safi, sikatai, na giza lilikuwa limekaa kutoka bondeni mpaka juu. Ndani ya wiki hiyo hiyo mwenzangu wa kiwandani, tuliyekuwa tukishuka naye Faya, alipigwa na kuvuliwa mpaka viatu. Mahali alipopigiwa ni pale pale lilipokuwa benchi la shangazi. Nilikwenda kupaangalia mchana wake. Palikuwa na duara jeusi la mkaa ardhini, basi.

Walirudi, bila shaka. Siku zote wanarudi, mmoja mmoja, kwanza mwenye kapu, kisha mwenye ndoo, mwisho mwenye jiko. Lakini kila waliporudi, kitu fulani hakikurudi nao. Mzee wa kahawa hakuonekana tena Faya. Mishkaki ilihamia mlangoni mwa baa na bei ikapanda. Viazi vya ulaya kutoka nyanda za juu vikaingia kwa nguvu, na watoto wetu wakaacha muhogo wakataka chipsi mayai, zege kama wanavyoliita, na mlio mpya wa usiku ukawa ule wa kijiko cha chuma kikigonga kikaango. Nao mtamu mlio huo, nisiwe mkaidi. Sema haukuwa wa kwetu.

Mji ukaendelea kujipanga. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, taka zikazolewa, vibanda vingi vikaondoka. Mwaka 2006 wamachinga wakaondolewa mabarabarani nchi nzima, na kwa ajili yao likajengwa lile jengo la Machinga Complex pale Ilala. Barabara ya Morogoro ikachimbwa, na Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kupita mahali tulipokuwa tumeketi. Siyapingi hayo mabasi, nayapanda. Shangazi hakuyaona. Karai lake alilirithi bintiye, dada yangu kwa heshima, ambaye sasa anakaanga chipsi.

Dada huyu naye ana karatasi zake. Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kwa mwaka, kwa mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Vijana wa mitaani walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, maana waliacha kukimbizwa. Dada alikivaa chake shingoni hata akienda msibani. Lakini tulipokaa tukapiga hesabu, milioni 4 kwa mwaka ni kama shilingi 11,000 kwa siku. Muuza chipsi wa usiku akiuza 11,000 tu, hajarudisha hata hela ya viazi, mafuta, mayai na mkaa. Mwaka 2021 ikaja zamu ya kuwapanga wamachinga katika maeneo maalumu. Dada alipewa nafasi sokoni, mahali pazuri, penye paa na choo. Soko lenyewe linafungwa jioni, saa ambayo yeye ndiyo kwanza anamenya viazi.

Siku hizi anapikia barazani kwake Kigogo. Anayetaka anapiga simu, bodaboda anakuja anachukua. Gazeti la kufungia halipo, na mifuko ya rambo iliyolifuata nayo ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo ni boksi au foili. Chakula chake ni kitamu kama cha mama yake. Lakini kinaliwa chumbani, mlango umefungwa. Hakuna benchi, hakuna muuguzi wa upande wa ndani, hakuna Msondo na Sikinde. Kijana wake ananiambia ndiyo maendeleo, mjomba, na mimi namwitikia, kwa kuwa sioni namna ambavyo ingekuwa vinginevyo. Usiku nikitazama barabarani kupitia dirishani naona taa za umeme zinawaka vizuri sana, na chini yake hakuna mtu.

Wanaoweza kufanya vizuri wapo, na si mbali. Bustani ya Forodhani pale Unguja ilifanyiwa ukarabati mkubwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Wauzaji hawakufutwa. Kila machweo wanapanga meza zao, pweza, mishkaki, miwa inakamuliwa, watu na wageni wanakula mpaka usiku. Na hapa kwetu, mwaka 2025 Kariakoo ikatangazwa kuwa ya biashara saa 24, na taa zikafungwa mitaani. Niliposikia nilifurahi kama mtoto. Soko la saa 24 haliwezi kuwepo bila mtu wa kuwalisha wanaokesha, hilo hata yule karani wa mwaka 1983 alilielewa baada ya kuulizwa swali moja.

Kwa hiyo nawaomba madiwani wetu, na makatibu wao wanaoandika sheria ndogo: andikeni leseni ya usiku iitwe hivyo. Iwe na saa ndani yake, kuanzia na kuisha. Iwe na mahali panapojulikana, karibu na vituo vya mabasi, hospitali na bandari, pawepo bomba la maji, pipa la taka na taa. Bwana Afya aje saa nne za usiku, si saa nne za asubuhi, aone mafuta yakiwa kwenye karai, na mwenye mafuta meusi afungiwe yeye, si mtaa mzima. Ada ilingane na biashara ya karai. Na mwenye leseni apewe namba ya simu ya kituo cha polisi, kwa kuwa yeye ndiye atakayeona kwanza.

Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, mkutano wa mtaa wenu ukiitishwa tena, usiache kwenda. Ikifika mengineyo, nyoosha mkono uwaulize wanaotoka kazini saa saba za usiku wanakula wapi, na nani amewapa ruhusa ya kuwalisha.